Re: Re: Kuspliti atestasheni mkiwa bado nyumba moja

Mama Neema (kambi ya wakimbizi Nakivale, Uganda, upande wa Juru)
Habari za Jumapili wapendwa. Naomba anayejua mambo ya kuspliti, yaani kugawa kadi ya familia iwe mbili, anisaidie. Mi na baba watoto tuliachana tangu mwezi wa kumi na moja, ndoa hakuna tena, ila tuko ploti moja maana sina pa kwenda na yeye hana pa kwenda. Tumefunga turubai la UNHCR katikati ya nyumba, yeye upande wa barabara, mi na watoto wanne upande wa jikoni. Shida ni atestasheni, ile karatasi ya familia ya ukimbizi, ni moja, yeye ndo HoH, mkuu wa familia, kidole cha kuchukulia pesa ni chake, pesa ya chakula ya watu sita inaingia mkononi mwake halafu mi napewa anachojisikia, mwezi uliopita ilikuwa elfu kumi na kipande cha sabuni. Nikaenda kuomba split, yule wa dirishani akasema mkilala chini ya bati moja nyinyi ni hausihodi moja, kaya moja, hama kwanza ndo urudi. Nikalia pale mpaka wakatuma kijana aje kuona. Akahesabu masufuria, ya kwake mawili yangu matatu, akaangalia mafiga huku na kule, nikajua nimeshinda. Akauliza, "Milango mingapi?" Mlango ni mmoja. Akaandika, akapanda boda akaenda zake. Je kuna aliyewahi kuspliti bila kuhama? Na barua inatakiwa ya nani?

Papa Josué (Kyaka II)
Pole sana mama. Nenda kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, akuandikie kwamba mmeachana, agonge muhuri, basi. Mi nilispliti na mdogo wangu alipooa, 2019, baada ya ile verifikesheni ya vidole na macho, ikachukua miezi saba na viatu viliisha soli. Lakini wakati ule ilikuwa 31,000 kwa kila kichwa, ukipata kadi yako unaona faida. 2020 ikawa 22,000, 2021 ikawa 19,000, 2023 wakaleta kategori za nani ana shida zaidi, leo mtu anapigania nini?

Mwalimu (Rubondo)
LC1 ni ya wenyeji Papa, sisi ni RWC1, mwenyekiti wa wakimbizi, msimpoteze mama wa watu. Tena mdogo wako kuoa na mke na mume kuachana si kitu kimoja, pale kijana anatoka, hapa wanataka interviu ya protekisheni, wale wa ulinzi, kila mtu peke yake. Mama Neema hujasema kama anakupiga. Kama kuna fujo hiyo ni GBV, ukatili wa kijinsia, ina meza yake, usipange foleni ya split.

Mama Neema
Hapigi. Hasemi hata neno. Anapita tu na kikombe chake.

Papa Josué
Sawa Mwalimu, wewe ndo umesoma. Barua ni barua.

Yaya Claudine (Kampala, Katwe)
Kabla hamjamtuma mtoto wa watu kuspliti, mmemuuliza kesi ya rizetolomenti, ya kupelekwa nchi ya tatu? Dada yangu alispliti kwa hasira, faili la mume likaendelea, sasa hivi mume yuko Marekani anamtumia picha za theluji. Mdogo wangu fikiri vizuri, ukitoka kwenye faili hurudi. Na mshukuru mnapata hata hicho, sisi wa Kampala hatujui rangi ya pesa ya chakula, mi natembeza vitenge toka asubuhi.

Mwalimu
Wanaopata ni wangapi Yaya? Mwezi wa tano 2025 WFP, wale wa chakula, waliondoa karibu wakimbizi milioni moja kwenye orodha Uganda nzima. Waliobaki wanaogopa hata kugusa jina lao kwenye sistimu. Mi nisingeomba split saa hii, wakifungua faili lako wanaweza kukuangalia upya.

Papa Josué
Hapo ndo umesema neno. Ila tuwe wakweli, tungekuwa kwetu Kongo nani angehesabiwa masufuria? Mwanamke angerudi kwa baba yake, wazee wakae, yaishe.

Yaya Claudine
Kwa baba yake wapi? Goma waasi wa M23 walishaichukua mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Baba yangu mimi yuko kwa jirani.

Papa Josué
Usinikumbushe Bukavu. Sambaza za asubuhi, vile visamaki, bado zina maji ya Ziwa Kivu, na fufu ya muhogo. Hii posho, ugali wa mahindi, miaka tisa bado inanikwama hapa.

Mwalimu
Sambaza zinafika Mbarara, zimekauka lakini.

Yaya Claudine
Bei gani?

Mama Neema
Asanteni wote. RWC1 amekubali kuniandikia, anataka elfu tano ya karatasi. Baba watoto naye amesikia, jana kaanza kutoboa mlango wa pili upande wake, sijui ni kunisaidia au kunifukuza. Kwa hiyo kesho niende nikapange foleni au nisiende?

Mwalimu
Kesho Jumanne ni tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wamefunga.