Punda na farasi wanazaa, mbona waitwe spishi mbili?

Mwana wa Kisauni: Jamani, jana kijiweni Mwembe Tayari, kikombe cha kahawa mkononi, shemeji kanibana: punda na farasi hupata baghala, basi ni spishi moja. Nimjibu nini?

Bi Mwalimu: Muulize baghala kamzaa nani! Spishi moja ni viumbe ambao kwa kawaida huzaana wao kwa wao, na watoto wao nao huzaa. Farasi ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, 64, punda 62. Mtoto hutoka na 63, hazipangiki jozi sawasawa, ndiyo maana karibu wote ni tasa.

Babu Samaki: Spishi nyingine zaweza kuzaana vizuri tu, ila hazitakani. Tazama furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria: jike huchagua dume kwa rangi, jekundu au la buluu. Maji yakiwa tope rangi hazionekani, wanachanganyika.

Mwana wa Kisauni: Ahsanteni yakhe. Leo kahawa analipa yeye.