Maji ya koki Usa River: nachemsha kila siku, mbona meno ya watoto wa huku yana rangi?

MwalimuWaMuheza

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamia Usa River Januari nikitokea Muheza. Tuko wanne: mimi, baba Tumu, mdogo wangu wa kike, na Tumu mwenyewe ambaye ana miaka minne. Tumepanga ua mmoja na mwenye nyumba. Koki iko uani. Maji yake yanatoka kwenye kisima kirefu alichochimba mwenye nyumba mwenyewe, yanapandishwa kwenye simtenki juu ya mnara, kisha yanashuka kwetu.

Niseme ukweli, siku ya kwanza nilifurahi. Mimi nimekulia maji ya mto, masika yanakuja mekundu, unayaacha usiku kucha yatuame na asubuhi unakuta tope vidole viwili chini ya ndoo. Haya ya huku ni meupe, ya baridi, hayana harufu, sabuni ukiigusa tu povu limejaa beseni. Nikampigia mama simu kumsifia.

Sasa lililonileta. Nafundisha darasa la tatu, watoto 71. Wiki ya pili kuna mvulana nilimsimamisha mbele nikamwambia kesho uje umepiga mswaki, meno gani hayo. Mtoto akaziba mdomo kwa kiganja, akasema polepole, "Mwalimu, napiga. Ni maji." Darasa halikucheka hata mmoja. Nilipowatazama vizuri nikaona ni wengi: wengine wana mistari myeupe kama chaki, wengine madoa ya kahawia, wawili watatu meno yamemomonyoka kabisa. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, lakini usingizi sikuupata.

Nyumbani nachemsha maji yote ya kunywa, yakitokota nayaacha dakika kumi ili niwe na uhakika. Swali langu: inatosha? Tumu meno yake ya utoto bado meupe. Baba Tumu anasema tununue ya chupa, lakini mshahara wenyewe mnaujua.

Kijana_Tengeru

Karibu Meru mwalimu. Usijipe presha. Chemsha, tia na kidonge cha klorini, kunywa. Mimi nimezaliwa na haya maji, meno yangu yana rangi ya chai ya rangi na nimeoa vizuri tu. Hicho ndicho kitambulisho chetu, ukicheka Kariakoo wanakuuliza "wewe wa Arusha?" kabla hujataja kabila. Halafu hiyo floraidi inayotia meno rangi, serikali inaruhusu mpaka 4, kwa hiyo visima vingi viko sawa.

FundiPampu

Mdogo wangu wa Tengeru, utani tuuache kidogo, hapo umempoteza mwenzio mara mbili.

Kwanza hiyo 4. Ilikuwa miligramu 4 kwa lita, ndiyo, na mwaka 1974 ilikuwa mpaka 8 kwa maji ya vijijini, si kwa sababu ni salama bali kwa sababu ukanda huu maji mengine yalikuwa hayapatikani. Tangu 2018 kiwango cha Tanzania ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani.

Pili kuchemsha. Mwalimu, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kijidudu, ni madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye mawe ya volkano ya Mlima Meru. Haifi na haipai na mvuke. Ukiweka lita 10 jikoni ukaziacha zitokote mpaka zibaki 8, floraidi yote ya zile 10 imebaki ndani ya 8. Hizo dakika zako kumi zinaifanya iwe kali zaidi. Yakitokota sawasawa, epua. Klorini nayo haiigusi, wala chujio la udongo halishiki kitu.

Umesema sabuni inatoa povu upesi. Mimi nikisikia hivyo ukanda huu ndipo naanza kushtuka. Maji hayo yana chokaa kidogo, na chokaa ndiyo ambayo ingeikamata floraidi ikaituamisha. Isipokuwepo, floraidi inaogelea bure. Usidanganyike na weupe. Haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Ila sikwambii kisima chenu ni kibaya, sijakipima. Hapa visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana, na cha kirefu si lazima kiwe bora. Peleka sampuli maabara ya maji. Chukua chupa ya plastiki, siyo ya kioo. Acha koki imwage dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, andika tarehe na mahali. Ukitaka wapime na vijidudu, chupa ya hiyo waombe wao, inatakiwa iwe imetakaswa na ifike kwenye ubaridi siku hiyohiyo.

Mzee_wa_MajiYaChai

Marahaba mwanangu mwalimu. Kwanza nakupongeza kwa kumwomba mtoto radhi. Walimu wetu sisi walituchapa kwa meno haya.

Jina la kata yetu limetokana na mto, maji yake yana rangi ya chai, na wazee walijua si ya kunywa kila siku. Mama yangu alikuwa anatutuma mbali, kwenye chemchemi ya juu msituni, na ya mtoni tunafulia. Watu wanadhani ni hadithi. Halafu yakaja mabomba na visima karibu na mlango, tukasahau ile safari.

Mimi nina miaka 69. Meno si hoja tena, yamebaki machache. Hoja ni kiuno na shingo. Nikitaka kumtazama mtu aliye nyuma yangu nageuka mwili mzima, kama lori. Hospitali walinipiga picha wakasema mifupa imeshikana, na swali la kwanza la daktari lilikuwa nimekunywa maji ya wapi. Mpwa wangu alipata matege angali mdogo. Kwa hiyo kijana wa Tengeru, kitambulisho hicho kina ukurasa wa pili, hujafika tu.

Mwalimu, nikuulize jambo ambalo hawa mafundi hawaulizi. Makande unayapikaje? Unatia magadi?

MwalimuWaMuheza

Shikamoo mzee, pole sana na kiuno. Magadi natia, ndiyo! Jirani ndiye aliyenifundisha, kipande kama kidole, maharage yanaiva saa moja gesi inapona.

Mzee_wa_MajiYaChai

Nilijua. Hilo jiwe la magadi la huku nalo limebeba floraidi. Unaikimbia kwenye kikombe unaipakua kwenye sahani.

DadaWaKliniki

Mimi nafanya kazi chumba cha meno, si huko Meru lakini wagonjwa kutoka huko nawaona kila wiki. Niongezee mambo ya mtoto maana ndiyo roho ya swali.

Doa halitokei jino likishaota. Linatengenezwa jino likiwa bado ndani ya fizi, linajengwa. Meno ya ukubwani ya Tumu yanajengwa sasa hivi, hadi kwenye miaka minane hivi. Ndiyo maana meno ya utoto meupe yasikupe amani sana, na ndiyo maana mswaki hauwezi kulitoa doa hilo, liko ndani ya jino. Yule mwanafunzi wako alisema kweli tupu.

Kwa hiyo kama fedha haitoshi maji mazuri ya nyumba nzima, mpe yeye kwanza. Nyinyi watu wazima meno yenu yameshamaliza. Mifupa yenu nayo ina hesabu yake, mzee amesema, ila hiyo ni ya miaka mingi. Mkijaliwa mwingine, mnyonyeshe, maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana hata mama akiwa anakunywa haya maji. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji ya kisima hicho ni mkasa mwingine.

Watu huniuliza, sasa dawa ya meno yenye floraidi tuache? Hapana. Kidogo juu ya jino kinalinda. Mtoto wa miaka minne awekewe kiasi cha punje ya njegere, ateme, asimeze.

Na ya chupa usinunue kwa imani. Soma karatasi iliyobandikwa, pale penye orodha ya madini tafuta floraidi ni ngapi kwa lita. Kama haikuandikwa, rudisha.

MwalimuWaMuheza

Nimerudi, samahanini kwa kimya, ilikuwa mitihani.

Nilipeleka sampuli. Nilikwenda na chupa mbili za plastiki kama fundi alivyosema, moja ya kwetu, moja nilimwomba mama mmoja wa mtaa wa pili. Majibu: ya kwetu 3.9. Ya yule mama 1.2. Kutoka koki yetu hadi kwake ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Nikampelekea mwenye nyumba karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akatabasamu: "Si umeona, haijafika 4." Nikamweleza habari ya 1.5. Akaniuliza kwa upole kama nataka ahamishe mlima. Si mtu mbaya, na wajukuu zake wanakunywa hapohapo. Nilimwambia sitaki mlima, naomba ruhusa ya kufunga mfereji kwenye paa. Ameruhusu, na amesema tukimaliza nimfungie na wa kwake.

Kwa sasa nanunua maji kwa yule mama, ndoo mbili kwa siku, mdogo wangu anabeba. Ya kupikia na kunywa tu. Koki yetu inabaki ya kuoga, kufua na kudeki, maana nimeambiwa haiingii kwa ngozi, ni sawa fundi?

Tena nilisikia kuhusu mtungi wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuna anayeutumia?

FundiPampu

Ni sawa, oga bila hofu.

Mkaa wa mifupa unafanya kazi kweli, pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi na wameshughulika nao miaka mingi. Mifupa inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, maji yanapita humo na mfupa unaishika floraidi. Ujanja uko kwenye kuchoma. Ikitoka nyeusi bado ina mafuta na maji yatanuka. Ikitoka nyeupe umeichoma kupita kiasi, haishiki tena. Inatakiwa ya kijivu. Kwa hiyo usijichomee jikoni. Na mkaa unachoka: baada ya miezi kadhaa umeshiba, maji yanapita kama yalivyoingia na wewe unajiona uko salama. Ukiutumia, pima tena na tena. Wapo pia wasiotaka mifupa kwa sababu za dini au kinyaa, waulize wa nyumbani kwako kwanza.

Mimi ningekuwa wewe ningeshika wazo la paa. Maji ya mvua hayana floraidi ya kusumbua. Hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa lako likiwa na mita 40, mvua ya milimita 50 inakupa karibu lita 2,000, toa kidogo ya kumwagika. Na si lazima unywe ya mvua peke yake. Changanya: lita 5 za koki yenu na lita 15 za mvua, hiyo 3.9 inashuka mpaka karibu 1. Ndoo ya lita 20 kwa siku ndiyo kunywa na kupika kwa watu wanne. Simtenki la lita 2,000 likijaa mwisho wa masika, kwa lita 15 kwa siku linakusogeza siku 130 na kitu, unakaribia kabisa vuli.

Mvua ya kwanza iache ioshe bati, imwage. Tangi lifunikwe, jua lisiingie. Na hayo sasa ndiyo ya kuchemsha, maana kunguru hawana adabu.

Kijana_Tengeru

Nimekaa kimya nasoma. Mke wangu ana mimba ya miezi sita. Fundi, hiyo maabara wanapokea mpaka saa ngapi?

FundiPampu

Nenda asubuhi, siku za kazi. Chupa ya plastiki.

MwalimuWaMuheza

Asanteni sana wote. Mfereji umefungwa Jumamosi, simtenki la lita 1,000 kwanza, lingine nikipata malimbikizo yangu. Yule mvulana wangu nimempa kazi ya kusoma kipimo cha mvua cha shule, anaandika milimita kila asubuhi kwa kalamu nyekundu.

Mzee wangu, magadi nimeyatupa. Lakini makande yananigomea, jana nimepika saa tatu na mahindi bado yanaruka kwenye sahani. Nifanyeje?

Mzee_wa_MajiYaChai

Loweka usiku kucha mwanangu, mahindi na maharage pamoja. Kwa maji ya yule mama, siyo ya koki yenu. Asubuhi mwaga hayo, weka mapya, na chumvi tia mwishoni.