Kausha damu wamebeba friji ya mama mdogo, na sisi huku ndio tunaolipa

Salaam aleykum wanakwetu wa Tanga tulio huku Uingereza,

Poleni na baridi. Jumapili kanipigia mama mdogo, yule anayeuza samaki wa kukaanga Mgandini, analia mpaka maneno hayatoki, kumbe wamekuja vijana watatu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na bajaji wamebeba friji yake na samaki wa siku mbili ndani. Nikamwambia nitumie picha ya mkataba wasap. Karatasi moja tu, imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta, jina lake juu, katikati mstari mmoja wa peni, rejesho 20,000 x siku 30, na chini dole gumba, wakati mama mdogo anasoma na kuandika vizuri tu, ila walimwambia weka dole upesi foleni ndefu. Riba haikuandikwa, jumla haipo, namba ya leseni haipo.

Na laki tano aliyokopa hakuishika yote, walikata 45,000 ya fomu na bima, akaondoka na 455,000 na kwa mwezi anatakiwa arudishe 600,000. Yaani 145,000 imeliwa juu! Benki Kuu (BoT) imeshaweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki tano ni 17,500. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Novemba 2024 BoT wakapiga marufuku aplikesheni 69 za mikopo ya simu, nikashangilia kweli, lakini kausha damu wa Mgandini hana aplikesheni, ana daftari na bajaji.

Mimi nataka wabanwe zaidi na sioni aibu kusema. Huku Uingereza mwaka 2012, nimefika sina hata mwaka, nilikopa pauni 200 kwa kampuni moja ya mikopo ya mpaka mshahara, ikanizungusha miezi saba, kila nikilipa wanasogeza mbele na faini juu. Januari 2015 wasimamizi wa fedha wa huku wakaja na ukomo, asilimia 0.8 kwa siku, faini ya kuchelewa isizidi pauni 15, na jumla ya riba na faini zote haiwezi kuzidi ulichokopa. Ukikopa 100, hata uchelewe vipi hudaiwi zaidi ya 200. Wonga, kampuni ya mikopo hiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikaanguka 2018 kwa madai ya fidia. Kwahiyo inawezekana.

Wenu, binti wa Makorora, Leicester

---

Dada pole sana, mpe pole na mama mdogo.

Ila mie nina wasiwasi. Ukiwafungia hawa wote kesho, muuza samaki ataenda wapi saa kumi alfajiri akitaka mtaji wa kununua mzigo Deep Sea, kule wanakoshusha samaki? Benki itamuuliza hati ya nyumba. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa akina mama, vijana na wenye ulemavu ilisimamishwa 2023, imerudi mwaka uliofuata, lakini ni ya vikundi, mpaka msajiliwe mpitishwe, na samaki hawasubiri. Bi mkubwa wangu Chumbageni amesomesha watoto wanne kwa upatu na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, hakuna aliyebebewa friji. Masharti yakizidi hata wale wakopeshaji waaminifu wenye leseni watafunga, watabaki wa gizani.

Kaka yenu, Reading

---

Kaka nimekuelewa na hapo kwenye halmashauri umesema kweli. Lakini sisemi wafungiwe wote. Nasema jumla ya deni iandikwe kwa tarakimu kubwa kabla mtu hajasaini, akae nayo hata siku moja nyumbani aisome, na asitokee mtu wa kubeba kitu cha mwenzie bila amri ya mahakama. Mkopeshaji mwaminifu hapo anapoteza nini? Halafu afisa wa halmashauri anayepita sokoni kila siku kukusanya ushuru, ashindwe kuuliza leseni?

Na tuseme ukweli, friji ile nilinunua mimi kwa zamu za usiku. Deni nalo ndilo mimi ninayeombwa nilipe, na wengi humu mnatuma hela mkiambiwa ni ya hospitali kumbe ni rejesho, maana mama zetu wanaona aibu kusema.

Kwa sasa nimemwambia asilipe tena mkononi, apitishe kwenye simu ibaki meseji. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya BoT, nimeitafuta kampuni ile sijaiona. Nataka kupeleka malalamiko Benki Kuu na polisi pia kwa ajili ya friji. Kama kuna mwenye ndugu yuko Tanga mjini wiki hii, anayejua kuongea na hizi ofisi, naomba amsindikize, nauli na chai juu yangu. Karatasi yenyewe kaificha chini ya godoro, nimemwambia asimpe mtu.