Mrejesho: Tulivyomuaga mwalimu wetu wa Kapenguria

Niliwauliza niseme nini kwenye mazishi ya mwalimu wangu mstaafu, nami nimepewa dakika tatu tu. Wengi mlisema niachane na vyeo, nisimulie kisa kimoja. Nimerudi Kitale jana usiku. Asanteni, mlinifaa.

Nilisimulia siku alipotupeleka kwa miguu hadi vile vyumba vya gereza walimofungwa wapigania uhuru wa Kenya, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba, wakati wa kesi yao ya Mau Mau ya 1952 hadi 1953. Alituingiza wavulana sita katika chumba kimoja, akaurudisha mlango, akafundisha historia akiwa nje. Jasho lilitutoka. Daftari hazikufunguliwa, lakini majina yale hatujayasahau mpaka leo.

Basi nilipofika kwa jina la Ngei, spika ikazima (jenereta, kama kawaida). Wazee waliokaa nyuma ya hema wakayamalizia wenyewe kwa sauti. Kumbe nao mwalimu aliwahi kuwafungia humo!

Hotuba nyingine zilikuwa ndefu, za siasa. Tuziache.

Baadaye mama, mjane wa mwalimu, aliniita jikoni akanikabidhi mkebe wa chaki. Ndani mna vipande vitatu, kimoja chekundu cha kusahihishia.