Lenzi ndefu ya mtumba kwa ndege na wanyamapori: Canon 400mm f/5.6, Canon 100-400mm ya zamani, au Sigma 150-600mm?

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Nina kamera ya Canon EOS 80D ambayo kwa miaka miwili nimeitumia na lenzi ya 55-250mm. Lenzi hiyo imenifundisha mengi, lakini kwa kazi ninayoipenda imefika mwisho wa uwezo wake. Siku za mapumziko huenda ufukweni na kwenye mikoko maji yanapokupwa, ambako kuna sululu, yangeyange na makundi ya ndege wahamiaji wanaoanza kuingia kutoka kaskazini mnamo Septemba. Na mara moja kwa mwezi hupanda Amani, Usambara Mashariki, kutafuta hondohondo na chozi. Safari ya Saadani au Mikumi hupatikana mara moja kwa mwaka.

Nimetenga shilingi milioni 2, na lenzi tatu za mtumba zimo ndani ya kiasi hicho. Ya kwanza ni Canon EF 400mm f/5.6L. Ya pili ni Canon EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS toleo la kwanza, lile la kusukuma na kuvuta ili kubadilisha milimita. Ya tatu ni Sigma 150-600mm f/5-6.3 Contemporary. Mngechukua ipi, na kwa sababu gani? Mwenye ile 100-400mm yuko Dar es Salaam, hivyo nitaweza kuishika kabla ya kulipa. Naomba mniambie pia nikague nini.

Mjumbe wa Morogoro

Mimi ninayo hiyo Sigma na naisifia bila kusita. Ndege ni mdogo na yuko mbali, na hakuna siku niliyorudi nyumbani nikilalamika kwamba lenzi ilikuwa ndefu mno. Mikumi naiegemeza dirishani mwa gari juu ya kifuko cha mchele, nazima injini ili gari lisitetemeke, na katika 600mm napata jicho la keremkerem ambalo kwa 400mm ningelikata kutoka kwenye picha kubwa na kupoteza nusu ya ubora.

Uzito wake ni kilo 1.93. Ndani ya gari huusikii, ila kwa miguu utausikia.

Mjumbe wa Arusha

Ndugu wa Tanga, nimepiga picha za ndege tangu enzi za filamu, na nimeona watu wengi wakinunua milimita, yaani uwezo wa kuvuta kitu karibu, kabla hawajajua picha zao huharibikia wapi. Tuanze na hesabu, kwa sababu hoja ya mwenzetu wa Morogoro ina ukweli mkubwa na inastahili kupimwa kwa namba.

Kihisi cha 80D, kile kipande kinachopokea picha, kina upana wa takriban milimita 22.5. Ukisimama mita 20 kutoka kwa ndege na lenzi ya 400mm, fremu yako inachukua upana wa mita 1.1 hivi; ukiwa na 600mm, inachukua sentimita 75. Mdiria mdogo mwenye urefu wa sentimita 13 atachukua sehemu moja ya tisa ya upana wa picha katika hali ya kwanza, na moja ya sita katika hali ya pili. Tofauti hiyo ni kubwa, sikatai. Lakini ukiwa na 400mm na ukasogea hadi mita 13, umeipata picha ileile ya 600mm, na hewa iliyo kati yako na ndege imepungua mita saba. Pale pwani, kuanzia saa nne asubuhi, mchanga unapopata moto, hewa hiyo hutetemeka kiasi kwamba manyoya yanageuka uji, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kulirekebisha hilo. Kwenye ukingo wa Ziwa Manyara nimefuta picha nyingi za heroe kwa sababu hiyo tu.

Tena ndege wa ufukweni hawahitaji kufukuzwa. Maji yanapoanza kujaa, keti chini mahali ambapo mchanga utabaki mkavu kwa muda mrefu zaidi, utulie, na maji yenyewe yatawaleta kwako. Ukiwafuata huku wanakula utawarusha, na ndege aliyetoka mbali anahitaji kila dakika ya kula.

Sasa lenzi zenyewe. Hiyo 400mm f/5.6 ilitoka mwaka 1993, ina kilo 1.25, hairefuki inapofokasi, ina kofia ya jua ya kuvuta iliyojengwa humohumo, na fokasi yake ni ya haraka na ya uhakika. Kwa ndege wanaoruka nisingeibadilisha na nyingine katika bei hiyo. Upungufu wake ni miwili: haina kituliza mtikisiko kabisa, na haifokasi kitu kilicho karibu kuliko mita 3.5. Ile 100-400mm ya mwaka 1998 inafokasi hadi mita 1.8 na inacho kituliza, ingawa ni cha kizazi cha zamani ambacho inakubidi ukizime mwenyewe unapotumia stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa hakitambui kwamba kamera imetulia. Watu husema inanyonya vumbi kwa ule mtindo wa kusukuma na kuvuta. Ukweli ni kwamba kila lenzi inayorefuka huvuta hewa, na hiyo Sigma nayo hurefuka.

Kituliza hakimzuii ndege kusogea. Anayeruka anataka 1/1600 au 1/2000 ya sekunde, na kwa kasi hiyo kituliza hakikusaidii chochote. Faida yake iko msituni. Hondohondo aliyetulia kwenye tawi chini ya dari ya miti ya Amani unaweza kumpiga kwa 1/125 ukiwa na kituliza. Bila kituliza utahitaji 1/500, na hapo ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 1600 imekuwa 6400, ambayo kwa 80D tayari ni chembechembe nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, fungua picha zako za miaka miwili, zile ulizozihifadhi na zile ulizozifuta ikiwa bado unazo, uangalie kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi na kwa kasi gani. Zitakujibu vizuri kuliko mimi.

Mjumbe wa Mombasa

Nakubaliana na mengi aliyosema mzee wa Arusha, lakini sisi wa pwani tuna adui ambaye yeye hakutani naye sana, naye ni kuvu. Lenzi iliyokaa miaka kumi ndani ya begi la kitambaa kwenye nyumba ya karibu na bahari inaweza kung'aa kwa nje kama mpya, na ndani imeota nyuzi kama utando wa buibui. Niliwahi kununua lenzi ya namna hiyo usiku, chini ya taa ya duka, na fedha yangu ikapotea. Tangu hapo sinunui lenzi bila tochi.

Ukifika Dar es Salaam, toa vifuniko vyote viwili na umulike tochi kutoka upande wa nyuma huku ukitazama kutoka mbele kwa pembe, kisha ugeuze. Vumbi kidogo si kitu. Kila lenzi ya mtumba inalo na halionekani kwenye picha. Nyuzi, madoa yenye matawi, au ukungu mweupe uliosambaa, hayo ni ya kukimbia. Hata fundi akiisafisha, kuvu inaweza kuwa imekula tabaka linalopakwa juu ya kioo, na tabaka hilo halirudi. Usiogopeshwe na mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele, ila mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni jambo zito zaidi.

Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Fokasi kitu cha karibu, halafu cha mbali, mara ishirini mfululizo, ukisikiliza kama mota inakwaruza au inasita. Washa kituliza na utazame kwenye kitundu: taswira inapaswa kutulia taratibu, isiruke. Piga ukuta wa matofali ukiwa sambamba nao, uwazi (tundu linalopitisha mwanga) ukiwa f/5.6, na ulinganishe pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa na ukungu kuliko mingine, lenzi hiyo huenda iliwahi kuanguka. Fokasi ikitua mbele au nyuma ya kitu kwa kiasi kilekile kila mara, hilo si kasoro ya kukataa lenzi, kwa kuwa 80D ina marekebisho madogo ya fokasi kwenye menyu yake. Mwisho, andika namba ya lenzi na uilinganishe na ya kwenye boksi au risiti. Asiye na karatasi yoyote mwombe maelezo yanayoeleweka.

Mjumbe wa Nairobi

Naongeza kwa ajili ya wasomaji wenye Nikon tu. AF-S 200-500mm f/5.6E ya mwaka 2015 hubaki f/5.6 hadi 500mm, na kwa mtumba ni vigumu kuipita, ila ina kilo 2.3 na haielewani na kamera za zamani kama D80 na D90, ambazo haziwezi kuongoza uwazi wake wa umeme. Ile 300mm f/4D ni nyepesi na kali, lakini sikilizeni mota yake: ikipiga mluzi au kulia inapofokasi, hiyo ni dalili inayojulikana ya mota inayochoka.

Mwanzisha mada, Tanga

Shikamoo mzee wa Arusha, na asanteni nyote. Swali moja dogo: je, nikinunua 400mm kisha nikaongeza eksitenda ya 1.4x, kile kipande cha kurefusha kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, si nitakuwa na 560mm na kuikaribia Sigma?

Mjumbe wa Arusha

Marahaba. Utaipata 560mm, lakini kwa f/8, yaani nusu ya mwanga wa f/5.6, na 80D yako itabaki na nukta ya katikati peke yake kwa fokasi, tena ya polepole. Kwa ndege aliyetua kwenye jua kali inafaa. Kwa Amani sahau. Fedha ya eksitenda itumie kwa monopodi, stendi ya mguu mmoja.

Mwanzisha mada, Tanga

Narudi na majibu. Nilizipitia picha zangu kama nilivyoagizwa, na nikakuta niliyopaswa kuyajua tangu mwanzo: karibu zote za ufukweni nilizipiga katika 250mm kwenye mwanga mwingi, na zilizoharibika ni za ndege wanaoruka ambao fokasi iliwakosa. Za Amani zilizonifurahisha zilikuwa za karibu, nyingi kwa kasi ya 1/100 au 1/125, na lenzi yangu ya 55-250mm ilizimudu kwa sababu ina kituliza na ni nyepesi.

Ile 100-400mm ya Dar es Salaam nilikwenda kuiona. Kwa nje ilikuwa safi sana, na muuzaji alikuwa mtu mwema aliyeniachia nafasi ya kuikagua nje, kivulini, kwa tochi. Ndani ya vioo vya katikati kulikuwa na nyuzi nyeupe zenye matawi, kama alivyoeleza ndugu wa Mombasa. Nilimwonyesha, naye hakuwa akijua. Tukaagana vizuri.

Wiki iliyofuata nilikagua 400mm f/5.6 kwa utaratibu uleule, nikapiga ukuta wa matofali na kunguru waliokuwa wakiruka juu ya barabara, nikainunua. Ile 55-250mm siiuzi. Itaendelea kupanda Amani.

Mjumbe wa Morogoro

Hongera, ingawa bado nasema ukifika Mikumi utaiomba Sigma yangu, na nitakuazima.

Mjumbe wa Mombasa

Usiilaze ndani ya begi. Sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika ya kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo kikae kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikichoka ikaushe kwa moto mdogo uirudishe. Na ukitoka baharini, futa chumvi kwenye mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu siku hiyohiyo.

Mwanzisha mada, Tanga

Nimeshanunua sanduku. Jumamosi maji yataanza kujaa asubuhi mapema, kwa hiyo nitakuwa nimeketi upande wa mikoko kabla jua halijapanda, kasi 1/2000, uwazi f/5.6, ISO nimeiachia kamera ijipangie. Nitaleta picha za sululu hapa, na zile zitakazokosa fokasi pia, mniambie nilikosea wapi.