Binti yangu kapewa "chini ya matarajio" kwa kuruka kamba. Nani alimwona akiruka?

Wazazi wenzangu, mniwie radhi, leo naandika nikiwa nimechemka.

Ijumaa shule zimefungwa, Neema wa Gredi ya 4 akaniletea ripoti. Hisabati amefikia matarajio, Kiswahili amezidi, sawa. Nashuka kwenye Sanaa Bunifu, upande wa michezo: "Kuruka kamba: chini ya matarajio. Aongeze bidii." Nilidhani wamenipa ripoti ya mtoto mwingine.

Huyu mtoto na kamba ni chanda na pete. Tunaishi mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya tano, na jirani wa chini ameshanigongea mlango mara nne kwa ajili ya vishindo vyake. Wenzake wakizungusha kamba huko juu ya paa, yeye huingia katikati na kutoka bila kuigusa.

Sasa sikieni alivyopimwa. Saa mbili na nusu usiku ujumbe unaingia kwenye grupu ya WhatsApp: wazazi tumeni video ya mwanafunzi akiruka kamba, sekunde 30, kabla ya kesho asubuhi. Mimi ndio nashuka matatu, na stima imepotea ploti nzima. Tukamtoa koridoni, mamake akashika tochi ya simu, nikarekodi. Wanaokaa huku wanazijua korido zetu, mkipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Juu kumeanikwa nguo. Akaruka mara tatu, kamba ikanasa shuka la Mama Brayo. Akaruka mara mbili, ikanasa tena. Keateka, mwangalizi wa ploti, akapanda akifoka. Nikatuma hivyo hivyo.

Hiyo video ndiyo iliyopewa alama! Mzazi mwingine alimrekodi wake mchana, kwenye nyasi, na raba mpya, akapata "amezidi matarajio". Simwonei kijicho mtoto wa watu, lakini hapo kilichopimwa ni korido yangu na shuka la Mama Brayo.

Nikampigia mwalimu. "Baba Neema, uwanja umejaa mabasi ya shule na nina watoto 48, ningewaona saa ngapi?" Namwelewa, uwanja si yeye aliyeugeuza stendi. Lakini kama hukuona, mbona uandike?

Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza 2019 tuliambiwa mwalimu atamtazama mtoto akitenda. Viwango vipo vinne, na ili umtie mtoto kwenye kimojawapo lazima kuna kitu umekiangalia. Anatua kwa vidole au kwa visigino? Kamba anaizungusha kwa vifundo vya mikono au anarusha bega zima? Mwanzo wa muhula aliruka ngapi mfululizo, na sasa? Mpe kila mtoto dakika mbili: 48 ni dakika 96, vipindi vitatu vya dakika 35. Vitatu tu, muhula mzima! Nimemuuliza Neema vipindi vya michezo huenda wapi, akanijibu bila hata kufikiri: "Hesabu." Na tangu michezo, muziki na uchoraji vitiwe chungu kimoja, kuficha kumekuwa rahisi, wakipaka rangi wiki nzima ratiba inaonekana imetimia.

Sisi wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani, tuliibiwa PE, kipindi cha michezo, vilevile, mwalimu wa hesabu akiingia na chaki zake. Angalau hakuna aliyetuandikia kwamba hatujui kukimbia.

Shule ikifunguliwa naenda na kamba ya manila mkononi. Wampime mbele yangu, hata kati ya mabasi, au wafute hiyo alama. Kuna aliyewahi kudai hivi akasikizwa? Alianzia kwa mwalimu au kwa mkuu?

Maana Neema alisoma ile ripoti kabla yangu. Kamba ameisukumiza chini ya kitanda, na jana jirani wa chini ameniuliza kama mtoto amesafiri.