Ugomvi wa wazazi na watoto katika familia za Wayahudi waliohamia New York: waligombania nini?

Mwalimu wa Historia aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nafundisha historia kidato cha sita, na sasa nasoma habari za Wayahudi wapatao milioni mbili waliotoka Urusi na nchi nyingine za Ulaya Mashariki kwenda Marekani kati ya mwaka 1881 na 1924. Maelezo mengi yanadai kwamba wazazi walishika dini, watoto wakaitupa, na ugomvi ukazaliwa hapo. Hayaniridhishi, kwa kuwa wazazi haohao ndio waliovuka bahari na kuwahimiza watoto wasome. Walikuwa wakigombania nini hasa?

Mkazi wa Brooklyn alijibu:

Mwalimu, shaka yako ina msingi. Mwaka jana nilitembelea jengo nambari 97 la mtaa wa Orchard, Lower East Side, eneo la New York walikokaa wahamiaji wengi, lililojengwa mwaka 1863 na ambalo sasa ni makumbusho. Makazi ya familia moja ni vyumba vitatu, jumla yake takriban mita za mraba 30, na chumba cha mbele peke yake ndicho kinachopata mwanga wa mtaani. Ukisimama jikoni unaelewa kwamba humo hapakuwa na pa kununia: cherehani, meza ya chakula, kitanda cha mpangaji na vitabu vya baba vyote vilibanana mahali pamoja.

Hivyo vitabu ndivyo kiini cha jambo. Kule Urusi mwanamume aliyebobea katika Torati na Talmudi, yaani vitabu vya sheria na mafundisho ya dini ya Kiyahudi, aliheshimiwa hata akiwa hana senti, na mara nyingi mkewe ndiye aliyeuza sokoni ili yeye asome. Mcheza kwao hutunzwa. New York hakuwa na wa kumtunza. Viwanda vingi vilifanya kazi Jumamosi, yaani siku ya Sabato, kodi ya nyumba haikusubiri, na mtoto aliyejifunza Kiingereza shuleni ndiye aliyemsomea baba barua ya mwenye nyumba. Baba anayetafsiriwa na mwanawe mbele ya mgeni ameshapokonywa kiti chake, hata kama mtoto hakukusudia.

Binti Fundi Cherehani alijibu:

Nakubaliana na kaka aliyetangulia, ila amewasahau mabinti, na kwangu mimi uchungu wenyewe umo humo. Mara nyingi binti wa kiwandani alimkabidhi mama bahasha ya mshahara bila kuifungua, naye akarudishiwa nauli na fedha kidogo ya chakula cha mchana, ilhali kaka yake aliachiwa sehemu ya kipato chake au aliendelea na masomo. City College, chuo cha umma cha New York, hakikuwatoza wavulana ada, lakini anayesoma haleti mshahara, na pengo hilo wakaliziba dada zake. Kwa hiyo bidii ya familia kupanda daraja ilikuwa ya wote, ila gharama yake haikugawanywa sawa.

Mtazame Clara Lemlich, aliyezaliwa mwaka 1886 katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Nyumbani kwao Kirusi kilipigwa marufuku. Yeye akashona matundu ya vifungo ili apate fedha za kununua vitabu vya Kirusi. Baba yake alipovigundua akavichoma moto, naye akaanza upya kuvikusanya. Familia ilihamia New York, na mnamo Novemba 1909, akiwa na umri wa miaka 23, alisimama katika ukumbi wa Cooper Union akataka, kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mgomo wa jumla utangazwe. Washona blauzi zaidi ya 20,000 waliacha kazi. Mwenye kumwita mtoto wa namna hiyo mkaidi aliyepotoshwa na Marekani hajauona ule moto wa nyumbani kwao. Ukaidi alihama nao.

Msomaji wa Magazeti alijibu:

Mwalimu, ongeza gazeti la Kiyidishi la Forverts, lililoanzishwa mwaka 1897. Tangu mwaka 1906, chini ya mhariri Abraham Cahan, lilikuwa na safu iitwayo Bintel Brief, yaani furushi la barua, ambamo wazazi na watoto waliandika mashitaka yao na kuomba ushauri. Kiyidishi cha New York kilikuwa pia na neno *olraitnik*, la kumsema mtu aliyepata fedha akajiona amefika. Mtu haaibishwi kwa neno kama hilo isipokuwa mahali ambapo wengi wanautamani utajiri na kuuogopa kwa wakati mmoja.

Tafadhali pia usiwafundishe wanafunzi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, ndio waliowabadilishia watu majina. Wengi waliobadili walifanya hivyo wenyewe baadaye, wakitafuta kazi au nafasi ya masomo, maana milango haikuwa wazi: mwaka 1922 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard alipendekeza idadi ya wanafunzi Wayahudi iwekewe kikomo. Kwa baba, jina alilolitupa mwanawe lilikuwa jina la babu.

Mwalimu wa Historia aliandika tena:

Nawashukuru sana, hasa dada. Nilikuwa nimepanga kuanza kipindi cha Jumatatu na dini. Sasa nitaanza na ile bahasha, niwaulize wanafunzi ni nani katika nyumba ile alikuwa na haki ya kuifungua.